Kwa Nini Tunakutana Kila Februari 27

Hotuba iliyotolewa mjini Songea mbele ya walimu wa historia, wanafunzi na wazee, siku chache kabla ya Kumbukizi ya Majimaji

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na ndugu zetu mliotoka Namtumbo, Mbinga na Tunduru, karibuni sana. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Naomba itifaki izingatiwe, ili muda niliopewa niutumie kwa jambo lililotuleta hapa.

Wiki ijayo tutakusanyika tena kwenye viwanja vya Makumbusho ya Majimaji. Ngoma zitapigwa, mashada yatawekwa, viongozi watazungumza, kisha kila mmoja atarudi kwake. Nimeombwa nieleze desturi hii ya kukumbuka tarehe imetoka wapi na ina maana gani. Nitaanza na tarehe yenyewe, kwa sababu tumeizoea mno na hatuiulizi tena.

Februari 27, 1906. Siku hiyo Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji wa Kingoni waliokuwa wamewakamata. Hesabu tunayoisoma kila mwaka ni watu 67. Nkosi, yaani mfalme wa Wangoni, Mputa Gama alikuwa miongoni mwao. Mkomanile, mama aliyetawala Kitanda, anatajwa kuwa mwanamke pekee aliyenyongwa pamoja na wanaume hao. Walifukiwa kaburi moja. Na Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano, ambaye mji wetu umebeba jina lake, wazee wanasimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akakataa kubaki nyuma ya wenzake. Naye akanyongwa, akazikwa peke yake. Simulizi hizo hizo zinasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Sasa, vita vile vya Majimaji, vya kuupinga utawala wa Wajerumani, havikuanzia hapa wala havikuanza mwaka huo. Vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, pale watu walipoingia kwenye shamba la pamba la kulazimishwa wakang'oa mashina machache. Ilikuwa ni kutangaza vita bila kutamka neno. Ulikuwepo ujumbe wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, uliotangulia kuwaunganisha watu kwa dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro Agosti 4, 1905, lakini ujumbe ulikwisha kutoka mikononi mwake, ukavuka mito na makabila. Boma la Liwale lilichomwa. Boma la Mahenge lilishambuliwa Agosti 30. Tarehe za kuchagua zilikuwepo. Tungeweza kuchukua siku ya pamba kung'olewa, tukawa na sherehe ya ushujaa yenye vifijo. Songea ikachagua siku ya kitanzi.

Hili tulitazame vizuri. Tarehe huchaguliwa. Haiji yenyewe kama mvua. Na watu wanaochagua siku ya msiba wao, wakaacha siku za ushindi, wanasema kitu kizito kuhusu namna wanavyoitazama historia.

Kuna jambo jingine ndani ya tarehe hii. Babu zetu wa 1906 hawakuwa na kalenda ya Kizungu ukutani. Miaka waliijua kwa mambo yaliyotokea: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka mto fulani ulipohama njia. Siku ile waliijua kwa masika na kwa hali ya mashamba. Aliyeandika "Februari 27" ni mkono wa utawala ulionyonga, ukijaza taarifa ya kazi iliyokamilika. Namba tumeipata kwa mnyongaji. Msiba tulikuwa nao wenyewe, na ndio uliotangulia. Familia zilijua nani hakurudi nyumbani kabla hazijajua siku hiyo inaitwaje kwa kalenda ya boma.

Kwa hiyo mnaponiuliza maadhimisho yametoka wapi, siwapeleki kwanza ikulu wala bungeni. Nawapeleka msibani.

Mtu akifa kwetu, watu wanakaa matanga. Siku zikitimia wanarudi kuanua tanga. Waislamu wana hitima na arobaini, na kule pwani sheikh mkubwa akifariki, wanafunzi wake humfanyia hauli, kisomo cha kumkumbuka, mwaka hata mwaka. Wakristo wana misa ya arobaini na misa ya mwaka. Fungueni gazeti lolote, mtaona picha ya mzee aliyevaa koti, na chini yake maneno ya watoto wake: ni miaka kumi sasa tangu ututoke. Hakuna sheria inayowalazimisha. Hakuna aliyewatangazia mapumziko.

Katika msiba kuna kipande kimoja ambacho mimi hukisikiliza kuliko vingine vyote. Wasifu wa marehemu umekwisha kusomwa. Msemaji wa familia anasimama, anawashukuru majirani, anashukuru kamati, anawashukuru waliochimba kaburi na kina mama waliopika. Halafu anasema: kama kuna mtu alikuwa akimdai marehemu, asiondoke, aione familia, na kama kuna mtu marehemu alikuwa akimdai, naye aione familia. Watu wanatulia. Pengine anajitokeza fundi aliyepaua nyumba akalipwa nusu. Anaitwa pembeni, na mtoto mkubwa wa marehemu anaitikia mbele ya baba zake wadogo kwamba deni amelisikia, na kuanzia leo ni lake.

Mimi naamini maadhimisho ya kihistoria, makubwa kwa madogo, yana mzizi huo. Watu wa ukoo mmoja, au wa imani moja, au wa nchi moja, wanarudi siku ileile kuulizana nani anadaiwa nini. Siku ya kumbukizi isiyotaja deni lolote ni gwaride tu.

Msidhani ninalazimisha mambo. Tuwatazame waliotutangulia duniani.

Wayahudi wana Pasaka, na agizo lake limo katika Kutoka sura ya 12. Wameambiwa siku hiyo iwe ukumbusho kwao, vizazi hata vizazi. Wale mkate usiotiwa chachu, wale mboga chungu. Na walimu, angalieni jinsi lilivyopangwa. Maandiko yanatazamia kwamba watoto watauliza: ibada hii maana yake nini? Kisha wazazi wanapewa jibu la kuwapa. Yaani ibada imetengenezwa ili mtoto aulize. Mboga chungu imo mdomoni mwake, hawezi kunyamaza. Wala haikuishia kwenye chakula. Sura chache mbele wanaambiwa wasimwonee mgeni, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Wamekumbuka utumwa wao, na papo hapo wamekabidhiwa wajibu kwa mtu mwingine.

Katika Walawi sura ya 25 upo mwaka wa 50, mwaka wa jubilei. Hili neno siku hizi tumelifanya la keki na sare za vitenge. Mle ndani ya Maandiko, mwaka wa 50 ardhi iliyouzwa kwa shida inarudi kwa mwenyewe, na mtu aliyejiuza kwa sababu ya umaskini anarudi kwa ukoo wake. Miaka ilihesabiwa ili haki irudishwe. Parokia na shule zetu zinazoadhimisha miaka 50, miaka 100, natamani siku moja nisikie mojawapo inatangaza, pamoja na chakula, nani anarudishiwa nini.

Waislamu nao wanasimulia kwamba katika ukhalifa wa Umar bin Khattab, yapata mwaka 638, ilionekana haja ya kuwa na hesabu moja ya miaka. Wakashauriana waanzie wapi: kuzaliwa kwa Mtume, kupewa utume, kufariki kwake, au Hijra. Wakachukua Hijra, ile safari ya kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622. Wangeweza kuanza na mtu. Wakaanza na siku waumini walipoacha mali na nyumba zao ili wapate pa kusimama kama jamii, na wenyeji wa Madina wakawapokea. Ni uchaguzi, kama huu wetu wa Songea.

Wakristo wa mwanzo walianza makaburini. Katika karne ya 2, askofu Polikarpo wa Smirna alipouawa kwa moto, waumini wake waliandika barua wakasema watakutana kila mwaka siku hiyo, na wakaiita siku ya kuzaliwa kwake. Kutoka pale hata Namugongo, Uganda, njia ni moja. Juni 3, 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Leo kila Juni 3 watu wanafika Namugongo kwa miguu, wengine wametembea wiki nzima, kutoka Kenya, Kongo na huku kwetu. Hakuna posho katika safari ile.

Hesabu ya miaka mia, karne kwa karne, ilishika nguvu Ulaya baadaye. Mwaka 1617 Walutheri wa Ujerumani waliadhimisha miaka 100 tangu hoja za Martin Luther, na sherehe ile ilitoa mfano uliofuatwa na wengi. Kisha serikali zikaona nguvu iliyomo. Wafaransa walivamia gereza la Bastille Julai 14, 1789, lakini siku hiyo haikuwekwa rasmi kuwa sikukuu ya taifa mpaka mwaka 1880, baada ya miaka 91 ya kugombania maana yake.

Hata dakika ya kimya tutakayosimama wiki ijayo ina historia yake, na wengi watashangaa ilianzia bara hili. Mwaka 1918, vita kuu ikiendelea, mji wa Cape Town ulikuwa unasimama kimya kila siku mzinga wa adhuhuri ukipigwa, kuwakumbuka waliokuwa wanakufa vitani. Habari zikafika London, na mfalme George V akaagiza dola nzima ikae kimya dakika mbili Novemba 11, 1919. Kwa hiyo mkisimama wiki ijayo msione kama mmeazima kitu cha watu.

Serikali ikishaingia, swali la nani anachagua linakuwa kali. Pale katikati ya Dar es Salaam, ilipo Sanamu ya Askari, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, gavana na kamanda aliyevunja upinzani wa pwani. Chini yake waliweka askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipoingia waliiondoa, na mwaka 1927 wakaweka ukumbusho wa askari na wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza. Sanamu ya Wissmann ilipelekwa Hamburg ikasimama karibu na chuo kikuu, hadi wanafunzi wa huko walipoiangusha katika miaka ya 1960. Wale vijana wa Kijerumani waliuliza swali lilelile la mtoto wa Pasaka: kitu hiki maana yake nini?

Chukueni Sabasaba. Julai 7, 1954 chama cha TANU kilizaliwa, na kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa ya chama na wakulima. Leo kijana wa Dar es Salaam ukimtajia Sabasaba anafikiria maonyesho ya biashara pale Barabara ya Kilwa. Vukeni mpaka muingie Kenya, tarehe ileile inabeba kitu kingine kabisa. Julai 7, 1990 watu walikwenda Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi, baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia walioitisha mkutano kuwekwa kizuizini. Watu walipigwa, wengine wakauawa. Mpaka miaka hii ya karibuni vijana wa Kenya wanaingia barabarani siku hiyo. Sabasaba yao bado ina mdai, ndiyo maana haijalala. Yetu ilikwisha kuwa soko, na silisemi hili kwa kuwalaumu wafanyabiashara. Nalisema kwa sababu inauma.

Wakenya haohao, katika katiba yao ya 2010, waliibadili Siku ya Kenyatta, Oktoba 20, ikawa Siku ya Mashujaa. Tarehe imebaki, ile ya mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa na Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Kilichobadilika ni idadi ya wanaokumbukwa. Kutoka mtu mmoja wamekwenda kwa wote, hata yule aliyekufa msituni bila jina lake kuandikwa popote. Huo ni uamuzi mzuri, na mimi ningependa tuusome kwa makini hapa kwetu.

Sasa nirudi Majimaji, maana huku ndiko nyumbani.

Kwa miaka 50 vita hivi viliishi midomoni mwa wazee na katika hofu. Vitabu vya mkoloni viliviita uasi, ushirikina wa washenzi. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza kwamba watu wale walipigana kwa sababu hawakuikubali haki ya mzungu kuwatawala, na kwamba hakuna aliyewatisha ili wapigane. Tangu hapo msiba wa koo ukaanza kuwa kumbukumbu ya taifa. Baada ya uhuru, mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini, wakakaa chini na wazee waliokuwa watoto wakati wa vita, wakaandika. Fikirieni, mzee aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1905 alikuwa na miaka 73 tu. Walimuwahi. Kazi ile, kwangu mimi, ni kubwa kuliko mnara wowote. Mwaka 1980 makumbusho yetu yakafunguliwa, na baadaye yakaingia chini ya Makumbusho ya Taifa.

Taifa likichukua kumbukumbu ya ukoo, huinyoosha. Ndivyo ilivyo kila mahali. Tunasema "makabila yaliungana", na ni kweli, yaliungana kwa namna ambayo Wajerumani hawakuitarajia. Lakini Wahehe, waliokuwa wamepigana vikali chini ya Mkwawa miaka michache nyuma, hawakuingia. Askari waliofyatua bunduki za Wajerumani wengi wao walikuwa Waafrika. Katika hesabu ya waliokufa upande wa Wajerumani kuna Wazungu 15 na Waafrika 389. Na kabla ya Wajerumani kuja, sisi Wangoni wenyewe tulikuwa watawala wakali. Wandendeule wana simulizi zao kuhusu sisi, na wana haki ya kuzisema mbele yetu. Agosti 14, 1905 askofu Cassian Spiss na watawa wanne waliuawa karibu na Liwale wakiwa safarini kuja Peramiho. Kuna nyumba za watawa wanaowaombea hao kila mwaka, wakati sisi tunawaombea wetu. Mimi ni Mngoni na ni Mkatoliki. Mioyo yote miwili ni yangu, na sioni sababu ya kuficha mmoja siku ya Februari 27.

Kinachonisumbua zaidi ni njaa. Kitanzi kiliua watu 67. Njaa iliua zaidi kuliko kitanzi na risasi zikiwekwa pamoja. Wajerumani walipoona vita vya msituni haviishi, waliamua kwa makusudi kuchoma maghala na mashamba, kuteka mifugo, kuzuia watu wasipande. Wao wenyewe walikadiria watu 75,000 walikufa. Watafiti waliokuja baadaye wamesema 250,000 hadi 300,000. Sehemu kubwa za kusini zilibaki pori, tembo na mbung'o wakaingia palipokuwa vijiji. Na nani hufa kwanza kwa njaa? Watoto. Kisha mama aliyekuwa ananyonyesha. Hao hawana sanamu pale makumbusho. Tunasimama mbele ya viongozi wa shaba na saruji, na ni haki yao. Lakini mwanamke aliyekufa njiani kutoka Matimila akichimba mizizi, nani anamtaja?

Nilisema kumbukizi ni siku ya kutaja madeni. Basi tuyataje.

Lipo deni la nje. Watu wa kusini walilimishwa pamba kwa nguvu kwenye mashamba ya jumbe, kiongozi wa kijiji aliyetumwa na serikali, na malipo yaliyowafikia wengine yalikuwa senti 35 kwa kazi ya mwaka. Wengine waliyakataa kwa hasira. Hicho ndicho kisa cha pamba kung'olewa, na kila mwanafunzi aliyeko hapa akiandika "ushirikina" kwenye mtihani bila kutaja senti 35, nitamrudishia karatasi yake.

Novemba 1, 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapahapa Songea. Aliingia makumbusho, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea babu zetu. Akaahidi kwamba watajitahidi kukitafuta kichwa cha Nduna. Wazee wetu walimpokea kwa heshima, na walifanya vema. Msamaha ukiombwa msibani haukataliwi mlangoni. Lakini msiba haujafungwa. Ahadi ile ni deni lililosemwa mbele ya mashahidi, na siku ya kuliulizia ipo kwenye kalenda.

Msidhani ni jambo lisilowezekana. Fuvu la Mkwawa liliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe. Lilirudi Kalenga, nyumbani kwake, mwaka 1954. Miaka 35 Wahehe hawakuacha kuuliza. Kule Moshi ya Kale, Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900, na wajukuu wake bado wanatafuta kichwa chake. Kila Machi 2 wanakutana. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin na familia zilizo hai Kilimanjaro. Na Kongo: waziri mkuu wa kwanza, Patrice Lumumba, aliuawa Januari 17, 1961, mwili wake ukayeyushwa kwa tindikali. Lilibaki jino moja, mikononi mwa polisi Mbelgiji. Familia ilidai, mahakama ikaamua, na Juni 2022 jino lile likakabidhiwa kwa watoto wake. Lilizikwa Kinshasa Juni 30, siku ya uhuru wa Kongo. Jino moja, na nchi nzima ilisimama. Hao wote walifanikiwa au wanakaribia kufanikiwa kwa sababu kuna watu walikuwa wanarudi kila mwaka, tarehe ileile, kuuliza swali lilelile.

Lipo na deni la ndani, na hili halihitaji ubalozi. Mwaka 2022 fedha za sherehe za Desemba 9 zilielekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Wapo waliosikitika kukosa gwaride. Mimi nilifurahi, kwa sababu uhuru uliahidi jambo kwa mtoto yule, na siku ya uhuru ndiyo siku ya kumtimizia. Sisemi sherehe zote zifutwe. Watoto wanahitaji kuona ngoma yetu ya lizombe, wanahitaji kuwaona wazee wameshika ngao. Nasema sherehe ikubali kuulizwa imelipa nini.

Deni letu hapa ni majina. Majina ya walionyongwa tunayo. Majina ya waliokufa kwa njaa hatuna, na kila mwaka tunazika wazee wanaoyajua. Wale wa 1905 wamekwisha. Waliosimuliwa na wa 1905 wana miaka 80 na zaidi sasa. Wanafunzi wa 1968 waliwawahi baba. Sisi tumebakiwa na watoto na wajukuu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kila mwanafunzi aliyeko humu aende kwa mzee mmoja wa ukoo wake kabla ya Pasaka. Asiende na dodoso. Aende na sukari au sabuni, asalimie, akae. Aulize: wakati wa vita vya Majimaji watu wetu walikuwa wanaishi wapi? Walikimbilia wapi? Nani alikufa njiani, na walikula nini mwaka ule? Kama babu yake alikuwa askari wa Mjerumani, aandike hivyo, asione haya. Kama ukoo wake ni wa Kindendeule au wa Kimatengo na simulizi inatuuma sisi Wangoni, aandike vilevile. Jina la mtu, jina la kijiji, jina la aliyesimulia na tarehe. Simu mnazo, rekodini sauti, lakini andikeni pia kwenye daftari kwa sababu simu huibwa.

Walimu tutakusanya madaftari mwezi wa tano. Nimezungumza na wenzetu wa makumbusho, wako tayari kuyapokea. Mwakani, Februari 27, baada ya kusomwa majina ya wale 67, tunataka orodha ya pili isomwe, hata kama itakuwa na majina ishirini tu ya kina mama na watoto. Ningeomba pia ndugu zetu wa Nandete na Ngarambe waalikwe, wakae mbele, kwa sababu vita hivi vilitoka kwao.

Walimu wa kidato cha tatu na cha nne, mbaki nami hapa baada ya chakula tugawane kata. Namtumbo wana wazee wengi zaidi, tutawahitaji watu wawili huko. Asanteni sana kwa kunisikiliza.